Wingu Jekundu Juu ya Taa Nyeupe

Basi lilikuwa limeshawashwa, linanguruma, wakati mdogo wangu alipoanza kushusha vitu vyake.

Mimi nilikuwa nimekaa dirishani, begi langu miguuni. Nilikuwa nimeomba lifti. Chama cha mdogo wangu cha wapiga picha za nyota kilikodi basi kwenda nyikani, mahali pasipo na taa hata moja, na njia yao ilielekea upande niliotaka kwenda. Nilikotaka kwenda hasa sikuwa nimeamua. Ndivyo nilivyo. Nyumbani wananiita Kiguu, kwa ule msemo wa kiguu na njia, na sijawahi kulikataa jina hilo kwa sababu nyayo zangu zingenisuta.

Kwanza niliona sanduku la darubini linatolewa kwenye buti na kuwekwa chini. Halafu stendi yake ya miguu mitatu. Halafu nikamwona mwenyewe anavuta kwa mkono wa kulia ule uzito wa chuma unaosawazisha darubini, mkono wa kushoto ameubana kifuani kama aliyebeba yai. Mkono ule haubebi kitu. Madaktari waliunganisha mishipa yake kwa ndani ili sindano za mashine zipate pa kuingia, na ukiugusa unausikia unavuma kama mzinga wa nyuki. Mara tatu kila wiki anakaa kwenye kiti hospitalini, damu inatoka, inapita kwenye kichujio, inarudi mwilini. "Figo zangu zimestaafu kabla yangu," ndivyo anavyowaambia watu wakimuuliza kwa sura ya msiba.

Kilichotokea ni hiki. Mwenyekiti wa chama, mtu mwema kabisa, mwenye duka la vifaa vya ujenzi na sauti isiyohitaji kipaza, alikuwa ametangaza pale pale, basi likiwaka, kwamba safari imeongezwa. Huko nyikani anga lilitabiriwa kuwa safi na ingekuwa dhambi kurudi mapema. Mdogo wangu akamkumbusha habari ya kiti chake hospitalini. Mwenyekiti akamwambia, kwa upole, kwamba kukosa mara moja hakumuui mtu.

"Mwenyekiti," akasema mdogo wangu, "wewe hiyo mara moja uliikosa lini?"

Watu wakacheka, kisha wakaona aibu wakaacha. Mwenyekiti akajaribu kutengeneza. Akaahidi kumpigia ile galaksi aliyoitamani siku zote, lile kundi kubwa la nyota lililo jirani na letu, tena picha nzuri, kutoka kwenye giza la kweli, na kuiandika kwa jina lake.

"Picha ya kupigiwa ni kama chakula cha kusimuliwa. Nitapiga mwenyewe, juu ya paa langu."

"Mjini hakuna anga, dada yangu. Anga la mji lilishakufa. Limebaki dari tu."

"Basi nitapiga picha ya dari."

Mwenyekiti akamkumbusha kanuni ya chama, kwamba picha za maonyesho lazima zitoke gizani. Akamkumbusha bila ubaya, kama mtu anavyokukumbusha kuchukua mwavuli. Mdogo wangu aliinama tena kuvuta kile chuma, na kilikuwa hakivutiki.

Nilishuka kwa ajili ya kile chuma tu. Nilisema nitapanda gari jingine kesho.

*

Anakaa na mumewe ghorofa ya juu kabisa, jengo linalotazamana na kituo kikuu cha mabasi. Paani kuna matangi ya maji, kamba za kuanikia nguo, na vigae vilivyopasuka ambavyo kila mpangaji anasema si kazi yake. Ukisimama pale jioni, kituo chote kiko chini yako kama sinia la makaa. Taa za barabarani wakati ule zilikuwa za manjano, zile za zamani zinazofanya kila mtu aonekane mgonjwa wa ini.

Kazi yake ni fundi miwani. Nyuma ya pazia la duka, yeye ndiye anayekata vioo na kuvisugua mpaka vikae kwenye fremu. Kwa hiyo habari za mwanga alizijua kwa vidole kabla ya kuzijua kwa vitabu. Mimi shule nilisoma vipande vipande, huku mwaka, kule muhula, lakini alinieleza nikaelewa. Zile taa za manjano, alisema, zinatoa karibu rangi moja tu. Ukipata kioo kinachoziba rangi ile peke yake, taa zinazimika machoni pa kamera, na nyota zinabaki. Kioo hicho alikuwa nacho. Kinaingia kati ya darubini na kamera, kama chujio la chai kwenye mdomo wa birika.

Na kilifanya kazi. Jua likizama tu tulikuwa juu, mimi na chuma changu. Anaelekeza darubini, mota inaifuata nyota polepole, kamera inafumbua jicho kwa dakika kadhaa, inafumba, inafumbua tena. Galaksi yake ilianza kutokea, doa la moshi kwanza, halafu yai, halafu yai lenye mistari. Akawa anaenda hospitalini na simu yake na kuwaonyesha wenzake wa viti vya jirani. Mmoja wao, aliyekuwa dereva wa malori na bado anaitwa Dereva, alimwambia hiyo ni taa ya mbele ya lori lililo kwenye ukungu. Alirudi nyumbani akicheka mpaka kwenye ngazi.

Mimi yule kesho nilimsogeza. Kesho ni mtu mvumilivu, husogezeka.

*

Kisha shemeji akarudi kazini siku moja, akala bila kusema neno. Mume wa mdogo wangu ni fundi umeme wa manispaa, mcheshi, mtu ambaye hata akipigwa shoti hutunga kisa. Akinyamaza, kuna jambo. Mkewe akamtazama, akamwondolea sahani, akamwambia aseme.

Akasema. Taa zote za mtaa zinabadilishwa. Zinakuja nyeupe, mpya, kali. Na kikosi kilichopangiwa mtaa wetu ni chake.

Mimi sikuelewa ubaya uko wapi, nikadhani taa ni taa. Mdogo wangu ndiye aliyenifafanulia, akikung'uta chujio la chai juu ya sinki. Majani yananaswa humu kwa sababu ni makubwa, kaka. Sasa wananiletea chai ya unga. Mwanga mweupe una rangi zote ndani yake. Ukiziba moja, nyingine zote zinapita. Kile kioo kitabaki pambo.

Shemeji alikuwa ameshafikiria dawa. Alisema, akitazama meza, kwamba nguzo iliyo chini ya dirisha letu na ile inayofuata zinaweza kuwa na tatizo. Waya mbovu. Mambo hutokea. Nani atapanda kuhakikisha, kama si yeye?

"Pale ndipo wanapopita wasichana wa zamu ya kiwandani," mdogo wangu akasema. "Wanakimbia kipande kile kwa sababu ya giza. Nimewaona nikiwa juu."

"Mimi nakufikiria wewe."

"Weka taa, baba. Zote, na zikaze. Mimi sitaki giza la kuiba. Nitapita hapo hapo kwenye mwanga."

Hakupandisha sauti. Nimezunguka sana, nimeona watu wakigombana kwa mapanga, lakini sijaona mtu aliyetangaza vita kwa utulivu namna ile, tena huku anafuta sinki.

Kesho yake jioni tulisimama dirishani tukimtazama shemeji akipandishwa kwenye kikapu cha lori, mpaka uso wake ukawa sawa na uso wetu. Akafunga taa. Ikawaka. Jikoni kwetu kukawa kama chumba cha upasuaji. Mdogo wangu akampungia mkono, naye akapunga, akashushwa. Wasichana wa zamu walipita wakitembea, wakizungumza.

Paani, galaksi ilikuwa imezama kwenye maziwa.

*

Mwenyekiti alipiga simu kumpa pole. Alikuwa amerudi kutoka nyikani na picha safi, na alimaanisha pole yake. Akamshauri auze darubini kwa mtu mwenye nafasi, au ampe chama. Mdogo wangu akamshukuru. Alipokata simu aliniambia, "Kaka, cha mvunguni kinataka kuinama. Cha juu kinataka ubishi."

Akaagiza kioo kingine. Kilikuja kimefungwa kama kito, kidogo, cheusi kama kimeungua. Shemeji akakiweka jichoni, akakigeuza, akasema wamekuuzia mfuniko. Kweli nami nilipotazama balbu ya jikoni niliona wekundu hafifu tu, kama kaa la mwisho jikoni. Mdogo wangu alisema ndivyo kinavyotakiwa. Kile cha kwanza kiliziba rangi moja na kuacha nyingine zote. Hiki kinaziba zote na kuacha moja tu, wekundu mmoja mwembamba ambao gesi ya angani hutoa ikichochewa na nyota zilizo karibu yake. Taa nyeupe wekundu ule zinao, lakini kidogo sana, chembe katika gunia.

Jioni ya kwanza alielekeza kwenye galaksi, kwa sababu moyo ndiko ulikokuwa. Tukakaa. Kamera ikafumbua na kufumba. Alipofungua picha kulikuwa na kivuli cha kitu, kama alama ya kikombe mezani iliyokwisha kufutwa. Akaongeza muda. Kivuli kile kile. Akakaa kwenye ukingo wa msingi wa tangi, mkono wake mbovu mapajani, anafikiri, na pia anaumia.

Mwishowe akasema galaksi imeundwa na nyota, na nyota hutoa rangi zote, kama zile taa. Kioo hakijui kutofautisha rafiki na adui. Kinajua rangi tu. Galaksi tangu akiwa msichana aliitamani. Alikuwa ameikata kwenye kalenda akaibandika ndani ya kabati la nguo, na ile karatasi ipo mpaka leo.

"Galaksi nawaachia wenye safari," akasema. "Mimi nitachukua gesi."

Akaigeuza darubini kuelekea zile nyota tatu zilizojipanga mstari, ambako kuna pazia la gesi nyekundu na mbele yake wingu jeusi la vumbi lenye umbo la kichwa cha farasi. Kwa jicho huoni kitu pale. Mimi nilitazama mpaka shingo ikakataa.

Hapo ndipo tuliposumbuka. Jioni baada ya jioni, picha zikatoka nyekundu, ndiyo, lakini laini, zimevimba, kila nyota kama andazi. Akalaumu upepo. Akalaumu mabasi, kwamba mngurumo unapanda na kuta. Kisha akanilaumu mimi, kwamba natembea na paa linatikisika, akanipiga marufuku kunyanyuka kwenye kiti kamera ikiwa wazi. Fikiria adhabu hiyo kwa mtu anayeitwa Kiguu. Nilikaa kimya nimefunga vifundo vya miguu kwa pamoja kama mbuzi wa kupelekwa mnadani. Picha zikatoka maandazi.

Hospitalini Dereva akatazama, akamuuliza kwa nini anapiga picha nyama ya kusaga.

Jibu lilimjia kazini, nyuma ya pazia lake. Alikuwa ameshika kioo kinene cha miwani ya mzee mmoja, anakisogeza juu ya karatasi yenye maandishi, na maandishi yanaruka yanarudi. Akanipigia simu. Kwanza nilidhani analia. Alikuwa anacheka hadi hawezi kusema.

Kupitia kile kioo cheusi ni vigumu kuona, kwa hiyo kila jioni alikuwa anakitoa, anailenga nyota mpaka inakuwa ncha ya sindano, halafu anakirudisha ndipo aanze kupiga. Lakini kioo chochote ukikiweka njiani, kiwe chembamba vipi, kinapasogeza mahali mwanga unapokutana. Kila jioni alikuwa analenga vizuri kabisa, kisha anaharibu kwa mkono wake mwenyewe. Na hiyo ndiyo kazi inayomlisha. Kila siku anawaambia watu kwamba kioo kinasogeza mwanga.

"Fundi miwani nimesahau miwani," akasema. "Usimwambie shemeji yako."

Nilimwambia shemeji kabla sijakata simu vizuri.

Jioni ile alilenga kioo kikiwa ndani, kwenye nyota moja yenye nguvu, kwa subira, akigeuza kirungu cha kulengea kidogo kidogo, kwa upana wa unywele. Mimi nilifunga miguu yangu. Chini kituo kizima kilikuwa kinawaka, kila taa ya shemeji iko kazini, na mwezi nao ukachomoza nyuma ya matangi, mkubwa, ukaongeza wake. Niliuliza kama tushuke. Akasema kaa.

Tuliendelea hivyo jioni nyingi, ila zile za mashine, ambazo anarudi amekauka, ananyonya kipande cha barafu badala ya maji na kulala. Picha zilipokuwa nyingi za kutosha aliziunganisha kwenye kompyuta, mezani jikoni. Mashine ile ni ya zamani, inapumua kama mtu anayepanda ngazi. Shemeji akaegemea friji. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, kama kawaida yangu.

Picha ikafunguka kutoka juu kwenda chini. Pazia jekundu, lenye mikunjo. Nyota kali kama vichwa vya sindano. Na katikati, kikiwa cheusi, kimeinua shingo, kichwa cha farasi.

Shemeji akageuka akatazama nje, taa yake iliyo sawa na dirisha, kisha akarudisha macho kwenye picha, kisha kwenye taa. Akasema, polepole, "Ilikuwa nyuma ya hii?"

"Ilikuwa hapo hapo," mkewe akasema.

*

Siku ya kupokea picha za maonyesho tulienda wote watatu. Ukumbi ulikuwa wa maktaba, viti vimepangwa ukutani, picha zimeegemezwa juu yake. Zilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Galaksi ya Mwenyekiti ilikuwa na mikono yake yote ya nyota, unaweza kuihesabu.

Mwenyekiti akaipokea picha ya mdogo wangu, akaisogeza karibu na macho, akakaa nayo muda mrefu. Akasema ni kazi. Akasema hajui mtu mwingine wa chama ambaye angeweza. Halafu akasema kanuni ni kanuni, na kama leo atapokea moja ya mjini, kesho nani atakwenda nyikani? Na tena, akasema, akiona haya kidogo, hii ina rangi moja tu. Imechujwa mno. Unaweza kuuliza kilichobaki kama ni anga bado.

"Mwenyekiti, mimi nachujwa mara tatu kwa wiki. Ninachorudishiwa ni mimi bado."

Mwenyekiti aliitazama tena ile picha. Lakini hakubadili kanuni, na mdogo wangu hakumwomba. Alichukua picha yake kutoka mikononi mwake, taratibu, kama unavyomchukua mtoto kwa mgeni, akaiweka kwapani, mkono wa kulia.

Nje shemeji alianza kutukana. Mkewe akamwambia aache, akamuuliza ile ngazi ya kazini iko wapi.

Wanaosafishwa damu hukaa kwenye viti vilivyolazwa nyuma, saa nyingi, macho juu. Wanachokiona ni dari: vibao vyeupe na doa la maji lililovuja zamani. Mdogo wangu alikuwa amelitazama doa lile kwa miaka. Alimwendea muuguzi mkuu wa chumba kile, mwanamke asiyetaniwa, akamweleza anachotaka. Muuguzi akauliza kama itaanguka kichwani mwa mgonjwa. Shemeji akasema yeye ndiye aliyefunga taa za mji mzima na hakuna iliyoanguka. Muuguzi akasema hilo si jibu, lakini akashika ngazi.

Nakala mpya aliyoichapisha, kubwa kama mlango, wakaifunga kwa skrubu juu ya lile doa. Chini yake, kwenye kona, mdogo wangu alikuwa ameandika: *Imepigwa kutoka paani, juu ya kituo cha mabasi, taa zikiwaka.*

Dereva alilala akaitazama mpaka mashine yake ikapiga kengele. Akasema si farasi. Akasema ni mtu amesimama kando ya barabara anangoja lifti. Wa kiti cha pili akasema ni dole gumba. Wakabishana mpaka muuguzi akawaambia washushe sauti, na hawakushusha.

*

Dereva alifariki msimu wa mvua uliofuata. Kiti chake anakaa mwalimu wa hesabu, naye anasema ni farasi.

Muuguzi mkuu alihamishiwa wodi nyingine. Aliacha maagizo kwamba wakipaka rangi dari wasiiguse picha. Walipaka, wakazunguka.

Mwenyekiti bado ni mwenyekiti. Kanuni haijabadilika. Anaenda nyikani kila mwaka na picha zake ni nzuri.

Shemeji alitengeneza vifuniko vya bati vya taa za mtaa wetu, ili mwanga uanguke barabarani usipande juu. Alipewa onyo kwa kufanya kazi isiyoagizwa. Amefunga kwenye mtaa wote na sasa ameanza mtaa wa pili.

Ile galaksi iko ndani ya mlango wa kabati, ile ya kalenda. Tangu wakati ule hakuipiga tena.

Mdogo wangu anaendelea na mashine, na anaendelea na paa. Amepiga mawingu mengine ya gesi, yote mekundu. Chama alijitoa. Hakuandika barua, aliacha tu kwenda.

Mimi niliondoka baada ya mvua. Chuma sasa kinapandishwa na shemeji.